Breki

Kabla sijaingia darasa la jioni la Limbani
nilijua breki moja tu:
ile ya baskeli, mipira miwili ya kubana ringi,
inayolia wii kwenye mteremko wa bandarini.

Kwa hiyo mwaka ule wa Nungwi, kwenye hoteli ya mashuka meupe,
msimamizi aliponiambia, "Mize, teki breki,"
nilikwenda kuitafuta kwenye toroli la kufulia.
Nikainama, nikapapasa magurudumu yote manne.
Akacheka mpaka akashika ukuta.
Kumbe alikuwa ananiambia: kapumzike.

Sasa nina miaka hamsini na mbili na daftari la kurasa arubaini,
na mwalimu wangu ni Asaa, niliyemjua akinyonya.
Jana aliandika ubaoni, chaki ikamvunjikia mkononi.
"Hiyo nayo ni breki," akasema, akiokota vipande.
Kioo, breki. Ahadi, breki. Sheria, breki.
Gari ikikufia njiani, breki, na nyuma yake dauni.
Mwizi akiingia, breki, na nyuma yake ini.
Wachumba wakiachana, breki na apu,
ingawa apu ni juu,
na mimi sijaona aliyeachwa akapanda.
"Na anayekwenda kucheza jukwaani
humtakia heri kwa kumwambia avunjike mguu."
Astaghfirullah, tukasema, darasa zima.

"Na nyinyi," akauliza, "mnavunja nini?"
Bi Time, ambaye huja kwa ajili ya feni tu,
alijibu swali halijatua: "Jungu!"
Tukavunjika mbavu.
Maana Shaabani imebakisha siku sita,
na kila mmoja wetu ashampangia kuku wake, na wa jirani.
Mtu akasema nazi. Mwengine akasema baraza.
Salha na mwenzake wakanong'ona, ungo,
wakajifunika nyuso kwa madaftari,
na Asaa akajifanya anatafuta chaki.

Hapo nikaona tunapopishana.
Wao asubuhi huvunja saumu ya usiku kwa mkate na yai;
sisi tunafungua kinywa.
Ramadhani, jua likizama, wao huvunja tena;
sisi tunafungua, kwa tende, taratibu,
kama mlango ambao nyuma yake kalala mtoto.
Hata alfajiri yao huvunjika.
Kwetu hukucha, kisha hukuchwa,
bila ya kigae kuanguka.

Lakini jungu, jungu zima lisilo na kosa,
sisi ndio tunaolivunja,
na tunacheka.

Kisha akaandika maneno mawili, moja chini ya jengine.
"Yanasikika sawasawa," akasema.
"Hili la kuvunja. Hili la kuzuia."
Herufi tano zilezile, zimebadilishana viti tu.
Akataka kila mtu atunge sentensi.

Mimi yangu ninayo tangu mwaka wa mvua nyingi:
Faki wangu, kumi na tisa, kreti mbili za soda nyuma,
mteremko wa bandarini,
breki iliyofanya breki.

Na habari ile haikuvunjwa, hapana.
Walikuja wanaume watatu, wakavua viatu,
wakaomba maji, wakamuulizia ng'ombe,
wakaikunjua polepole kama mkeka wa mgeni
mpaka nikaona mwenyewe kilicholala ndani.

Sikuiandika.
Niliandika kwamba nimevunja sahani.
Asaa akanipigia tiki nyekundu, kubwa,
akasema, "Vizuri, Bi Mize," na wala hakunitazama,
naye siku ile alikuwa na miaka saba,
alikuwa barabarani, anauza ubuyu.

Akaangalia saa. "Breki. Dakika kumi."
Safari hii nilijua.
Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi,
sikutafuta gurudumu lolote.